Kupitia notisi, kukariri kwa sauti, kujipima au diskasheni: ipi inakufaa?

Novemba ikikaribia, watahiniwa wa kidato cha nne huanza kuulizana: wewe unasomaje? Mmoja anapitia notisi zake kwa mara ya tatu, kila ukurasa umejaa mistari ya rangi. Mwingine ameziweka notisi kando, kutwa yuko na pasti pepa. Wa tatu hakosi diskasheni ya jioni. Na nyumbani kuna mzee anayeshangaa: mbona huyu mtoto anasoma kimyakimya, sisi tulisoma mpaka jirani anasikia? Wanaokwama hapa si wanafunzi wa sekondari peke yao. Yumo muuguzi anayejiendeleza huku ana zamu za usiku, yumo anayetafuta leseni ya udereva na alama zote zile za barabarani, yumo aliyehamia Oman na anataka Kiarabu cha kumtosha kazini, na yumo mama mwenye mtoto wa darasa la tatu na jedwali la kuzidisha.

Mimi nafundisha watahiniwa wa kujitegemea, darasa la jioni, watu wanaofika wakiwa wamechoka na kazi. Nawaona wakitumia saa nyingi kwa njia isiyolingana na wanachokitafuta, na inaniuma, kwa sababu saa hizo wamezikata kwenye usingizi wao na kwa watoto wao. Hivyo nimeziweka njia nne pamoja, nizipime kwa vigezo vilevile.

Vigezo

Cha kwanza ni umakini: njia inakulazimisha uwepo kiasi gani? Akili hushika mambo mapya machache sana kwa wakati mmoja. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alikadiria vitu saba, kuzidi au kupungua viwili. Nelson Cowan alipolipitia suala hilo upya mwaka 2001, alishuka hadi vinne hivi. Ndiyo maana namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12 huihamishi kutoka kwenye meseji kwa mkupuo mmoja, unaikata vipande. Na kuwa na masikio mawili hakuongezi nafasi. Mwaka 1953 Colin Cherry aliwapa watu maneno tofauti katika kila sikio na kuwataka wafuatishe kwa sauti ya sikio moja tu. Sikio la pili lilipobadilishiwa lugha kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani, hawakugundua. Anayesoma huku anafuatilia mpira redioni ajue kwamba kimoja kati ya viwili hivyo hakiingii.

Cha pili nakiita hisia ya kujua. Fumba macho, ikumbuke noti ya shilingi 10,000 ya Tanzania. Tembo yumo, hilo kila mtu analijua. Ametazama upande gani? Tarakimu kubwa ziko pembe ipi? Umeishika mara ngapi maishani? Raymond Nickerson na Marilyn Adams walifanya jambo kama hilo mwaka 1979, wakawataka Wamarekani wachore kwa kichwa sarafu yao ya senti moja, na wengi wakashindwa kuyaweka mahali pake mambo waliyoyaona maisha yao yote. Jicho linapozoea kitu, linakuambia unakijua. Njia ya kujisomea inaweza kuikuza hisia hiyo, au inaweza kuikosoa.

Cha tatu ni kudumu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Saa moja baada ya kujifunza, zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, theluthi mbili hivi. Baada ya mwezi, karibu asilimia 80. Yaani kusahau kuna kasi kubwa mwanzoni, kisha kunapungua mwendo. Kwa hiyo ukisema njia fulani ni nzuri, lazima useme nzuri mpaka lini.

Cha nne ni gharama: muda, watu, nafasi, fedha. Hiki wataalamu hukitaja kwa haraka, lakini kwa anayeishi chumba kimoja na wenzake watano ndicho kinachoamua.

Kupitia notisi

*Umakini.* Inadai kidogo kuliko zote. Macho yanaweza kushuka ukurasa mzima huku mawazo yako kwenye kodi ya nyumba. Kupiga mistari kunasaidia pale unapoamua kwa makusudi kipi kina uzito. Ukurasa ukishakuwa wa njano wote, hakuna uamuzi uliofanyika.

*Hisia ya kujua.* Hapa ndipo inapodanganya. Mara ya tatu maneno yanateleza, kila aya unaona ni yako. Unachokitambua ni sura ya ukurasa, kama ile noti. Ukiingia kwenye chumba cha mtihani, ukurasa haupo.

*Kudumu.* Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Baadhi walisoma tena kifungu kilekile, wengine waliandika walichokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza: asilimia 81 dhidi ya 75. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliosoma tena asilimia 42, walioandika kwa kichwa asilimia 56. Ukizitazama namba hizo vizuri, hazisemi kwamba kupitia notisi ni bure. Zinasema kunafanya kazi kwa muda mfupi.

*Gharama.* Daftari na mwanga, basi.

*Inamfaa* anayekutana na mada kwa mara ya kwanza, maana huwezi kujipima katika kitu ambacho hakijawahi kuingia. Inamfaa pia aliyekosa vipindi akaazima daftari la mwenzake, na yule ambaye saa moja ijayo anakwenda kueleza jambo ambalo analielewa tayari.

Kukariri kwa sauti

Njia hii imesemwa vibaya mpaka imegeuka tusi: huyo anakariri tu. Naona haijatendewa haki, na nitakaa nayo kidogo.

*Umakini.* Kutamka kunakushika. Ukiruka mstari, sikio lako linakushitaki. Colin MacLeod na wenzake mwaka 2010 walionyesha kwamba katika orodha moja, maneno yaliyosomwa kwa sauti yalikumbukwa kuliko yaliyosomwa kimya. Lakini umakini huo unaweza kukaa mdomoni tu. Baada ya kurudia mara nyingi, ulimi unakwenda wenyewe na akili inatoka nje.

*Hisia ya kujua.* Inategemea nani anakusikiliza. Nenda chuoni ukaone mtoto anavyohifadhi Kurani. Anasoma mbele ya mwalimu bila kutazama. Akikosea herufi moja anasimamishwa hapohapo, anarudi aya moja nyuma, anaanza upya. Kabla ya kupewa sehemu mpya, anasikilizwa ya jana, na kila baada ya muda anarudishwa kwenye juzuu alizozimaliza zamani. Juzuu 30 haziwezi kukaa kichwani kwa kurudia holela. Ndani ya utaratibu huo kuna mambo mawili ambayo watafiti wa kumbukumbu wanayasifu sana: kupimwa bila kutazama, na kurudia kwa vipindi vilivyoachana. Anayejikaririsha peke yake chumbani, daftari liko wazi mbele yake, amechukua sauti ya chuoni na kumwacha mwalimu.

*Kudumu.* Kwa maneno yenye mpangilio, inadumu sana. Tazama utenzi: kila kipande mizani nane, na kina cha mwisho wa ubeti kinarudi shairi zima. Msomaji akikwama, mizani na kina vinamwachia maneno machache tu yanayoweza kukaa pale, ndiyo maana beti nyingi za pwani zilisafiri vichwani mwa watu. Kasoro yake ni kwamba kumbukumbu hiyo ina mlango mmoja tu, wa mwanzo. Muulize mtoto aliyekariri jedwali kwa wimbo saba mara nane ni ngapi, utamsikia akinong'ona kuanzia saba mara moja. Na kuna kasoro kubwa zaidi. Nimewasikia wanafunzi wakitoa maana ya usanisinuru neno kwa neno, bila kukosea nukta. Nikiuliza kwa nini majani yaliyofunikwa na turubai siku kadhaa hugeuka njano, kimya.

*Gharama.* Fedha hakuna, ila inataka mahali pa kupiga kelele. Bwenini au chumba cha kupanga, hiyo si haba.

*Inamfaa* mwenye jambo linalotakiwa lisemwe vilevile lilivyo: aya, shairi, kiapo, fomula, majina ya mifupa, jedwali. Inamfaa pia anayejifunza lugha, kwa kuwa matamshi hayajengwi kimya.

Kujipima

Namna yake ni rahisi kuieleza. Funga daftari. Andika kila unachokumbuka kuhusu mada, hata kama ni vipande. Fungua, sahihisha kwa peni ya rangi nyingine. Au kata manila vipande vidogo, upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Au fanya pasti pepa kwa muda wa mtihani wenyewe, kisha usahihishe.

*Umakini.* Inadai kuliko zote. Nusu saa ya kujipima inachosha kuliko saa mbili za kupitia notisi, na wanafunzi wangu wanaifanya kwa shida saa mbili usiku baada ya kazi. Hilo lihesabiwe. Mtu aliyechoka mno akilazimisha njia hii ataiacha ndani ya wiki.

*Hisia ya kujua.* Inakuonyesha ulipo, na inavunja moyo. Karatasi inabaki nusu tupu, unajiona mzito. Doug Rohrer na Kelli Taylor, mwaka 2007, waliwafundisha wanafunzi kukokotoa ujazo wa maumbo. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja mpaka liishe ndipo likaenda la pili; kundi jingine lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi, wa kwanza walipata asilimia 89, wa pili 60. Mtihani wa wiki moja baadaye: wa kwanza asilimia 20, waliochanganyiwa 63. Fikiria ungekuwa mwalimu wa makundi hayo mawili siku ya mazoezi. Ungewapongeza wasiostahili na kuwahurumia waliokuwa wanajifunza. Sababu yake iko wazi: katika maswali ya aina moja huhitaji kutambua swali ni la aina gani, na mtihani huanzia hapo.

*Kudumu.* Kwa wiki na miezi, hapa ndipo ushahidi ulipo mzito. John Dunlosky na wenzake walipozipitia mbinu kumi za kujisomea mwaka 2013, mbili tu waliziweka daraja la juu: kujipima, na kutawanya vipindi. Kupiga mistari na kusoma tena waliviweka chini. Kuhusu kutawanya, Nicholas Cepeda na wenzake mwaka 2008 walifuatilia watu zaidi ya 1,350. Kwa mtihani wa wiki moja mbele, kurudia baada ya siku moja kulifaa. Kwa wa siku 35, pengo la siku kama 11. Kwa wa siku 70, kama wiki tatu. Kadiri unavyotaka kukumbuka mbali, ndivyo unavyopaswa kuacha muda upite kabla ya kurudia. Jambo linapoanza kufifia kidogo, kulivuta tena ndiko kunakolikaza.

Nina onyo mbili. Anayejipima bila majibu sahihi anaweza kulikaza kosa lenyewe. Na anayefanya pasti pepa zilezile mpaka azijue kwa sura amerudi kwenye kupitia notisi bila kujua.

*Gharama.* Manila moja inatoa kadi nyingi. Pasti pepa zinapatikana stesheneri, au kwa kuazimana. Inayokosekana mara nyingi ni majibu ya kuaminika, hasa kwa asiye na mwalimu.

*Inamfaa* mwenye muda wa wiki kadhaa na zaidi, mwenye masomo ya kukokotoa, na yule anayesema nilisoma yote lakini kwenye karatasi yakapotea.

Diskasheni

*Umakini.* Mwenye zamu ya kueleza yuko macho kabisa. Wengine, inategemea. Kundi la watu kumi huwa na wasemaji wawili, waandishi watatu, na waliobaki wako kwenye simu.

*Hisia ya kujua.* Ina pande mbili. Mwenzako akieleza vizuri, unatoka umeridhika, na ujuzi umebaki kwake. Wewe ukieleza, unagundua katikati ya sentensi kwamba hujui damu inatoka wapi kwenda mapafuni. Michelene Chi na wenzake mwaka 1994 waliwapa wanafunzi wa darasa la nane Marekani somo la mzunguko wa damu. Walioombwa kujieleza wenyewe kila sentensi inamaanisha nini walielewa zaidi ya waliosoma mara mbili. Faida iko kwa anayesema.

*Kudumu.* Ulichokieleza hudumu. Ulichosikiliza hufuata mkondo wa kawaida wa kusahau.

*Gharama.* Kubwa kuliko inavyodhaniwa: nauli, kusubiriana, porojo. Kwa wasichana, kurudi usiku ni suala la usalama, na mzazi anayekataa ana hoja. Kundi la watu watatu au wanne wa jirani, mchana wa Jumamosi, kila mtu na mada yake ya kueleza bila daftari, linatosha.

*Inamfaa* mwenye masomo ya hoja na sababu: historia, biolojia, uraia, uongozi wa kazi. Inamfaa pia anayekata tamaa akiwa peke yake, kwa kuwa miadi na watu humtoa kitandani. Kwa orodha na fomula, ni kupoteza muda wa watu wanne.

Kabla hujachagua

Wengi huniambia, mwalimu, mimi ni mtu wa kuona, au mimi ni wa kusikia, basi njia yangu ni moja tu. Harold Pashler na wenzake waliutafuta ushahidi wa madai hayo mwaka 2008 na hawakuona wa kutosha kuyabeba. Kupenda kwako kuna maana, kwani usichokipenda hutakifanya kesho. Lakini somo lenyewe ndilo linaloamua zaidi: ramani inataka jicho, matamshi yanataka sikio, hata kwa mtu yuleyule.

Kwa hali yako

Mtihani uko miezi miwili au mitatu mbele: soma mada mara moja kwa utulivu, kisha kazi kubwa iwe kujipima, ukirudi kwenye kila mada baada ya wiki mbili tatu. Diskasheni moja kwa wiki kwa yale yaliyogoma.

Mtihani ni kesho asubuhi: pitia notisi, hasa ulikosahihisha, kisha ulale. John Jenkins na Karl Dallenbach walionyesha tangu mwaka 1924 kwamba mtu akilala baada ya kujifunza, anasahau kidogo kuliko akishinda macho kwa muda uleule. Kukesha kunakunyang'anya umakini ambao karatasi ya asubuhi itaudai.

Unahifadhi Kurani, shairi au maneno ya ibada: kwa sauti, na mbele ya mtu. Kama mwalimu hayupo kila siku, mpe ndugu yako msahafu ashike, asikilize. Jizoeze pia kuanza katikati.

Hesabu, fizikia, uhasibu: kujipima kwa maswali yaliyochanganywa. Vumilia alama mbaya za mazoezi.

Mtoto mdogo: usimtarajie ajipangie. John Flavell na wenzake mwaka 1966 waliwaonyesha watoto picha za kukumbuka, kisha wakawashushia kioo cha kofia ya kuchezea kufunika macho na kuwatazama midomo. Wa miaka 5, wachache sana walijinong'oneza majina. Wa miaka 10, wengi walifanya hivyo. Uwezo wa kurudia kwa hiari unakuja na umri. Basi wewe ndiwe uwe ratiba yake: wimbo wa jedwali kwanza, halafu maswali ya kurukaruka mnapokwenda dukani, machache, kila siku.

Mtu mzima mwenye kazi na uchovu: usianze na saa mbili. Beba kadi 10 mfukoni, zitoe kituoni ukisubiri gari, simu ikiwa ndani ya begi. Zile ulizokosa zirudie kesho, ulizopata ziache siku kadhaa. Kupitia notisi kuweke jioni ukiwa huna nguvu, na pasti pepa asubuhi ya siku ya mapumziko, kabla nyumba haijaamka.

Unajifunza lugha ya kazini: kadi kwa msamiati, sauti kwa matamshi, na mzungumzaji mmoja mvumilivu kwa yaliyobaki. Mwombe akusahihishe palepale, kama mwalimu wa chuoni anavyofanya, maana akikuachia kosa kwa adabu utalirudia mwaka mzima.